Sakafu ya Stoo ya Mbaazi

Asubuhi moja wiki iliyopita nilikuwa napiga deki dukani kabla wateja hawajaanza kuja. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba kidogo karibu na soko la Babati. Chini ya meza ya kukatia palikuwa na vipande vya chaki, ile ninayochorea vitambaa, na maji yalipovifikia ikapanda harufu ya chaki iliyolowa juu ya saruji. Nikasimama, dekio mkononi. Mteja wa kwanza alinikuta nimesimama hivyohivyo, akaniuliza kama naumwa.

Sikuwa naumwa. Nilikuwa darasa la tatu.

Niseme mapema kwamba naandika haya kwa wasiwasi. Hakuna aliyenifundisha kuandika, kama ambavyo hakuna aliyenifundisha kushona. Kushona nilijifunza kwa kufumua magauni ya zamani ya mama na kuyarudishia, na kuandika nimejifunza kwa kusoma chochote kilichofika mkononi mwangu, hata magazeti yaliyofungiwa vitumbua. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana shida moja: siku zote anahisi kuna jambo ambalo wenzake wote waliambiwa siku ambayo yeye hakuwepo. Kwa hiyo sketi ikipinda kidogo tu naifumua. Wateja wangu wamenizoea, wananisema, wanarudi. Muhimu ni kwamba mwisho wa yote sketi inatoka mikononi mwangu na mwenyewe anaivaa. Kuna wakati nisingeweza kuitoa kabisa.

Wengi wa rika langu mnakumbuka kurudi shule na ufunguo shingoni. Wangu ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Baba alibaki na shamba huko Mbulu, na mama aliteremka mjini na mimi, tukapanga chumba mtaa wa Nangara, akawa anauza nyanya na vitunguu sokoni mpaka jua linapozama. Nilikuwa nafungua mlango, nafunga kwa ndani kama nilivyoagizwa, nakaa. Majirani walikuwepo, lakini nilikatazwa kuwasumbua. Nilikuwa nasikia watoto wengine wakipita kwenda upande wa ziwa, nasikia mama zao wakiwafokea warudi, na kwa kweli nilitamani na mimi nifokewe.

Katika ule ukimya ndipo ugonjwa wangu ulipokua. Nilikuwa nikifanya kazi za shule kitandani kwa penseli. Nikikosea herufi nilifuta. Nikiandika tena nikiona haijakaa sawa nilifuta tena, mpaka karatasi inachanika, na karatasi ikichanika nilikuwa naichana yote nianze upya. Mama akirudi ananikuta nimezungukwa na karatasi na hakuna hata swali moja lililokamilika. Shuleni ikawa hivyohivyo. Muda wa mtihani ukiisha nilikuwa nimefuta kila nilichoandika, na nilikuwa narudisha karatasi nyeupe yenye jina langu juu. Jina nililiandika vizuri sana.

Mwalimu wa darasa alimwita mama. Nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa ofisi, nikasikia kila neno.

"Mama Debora, huyu mtoto ama hajui kitu, ama hataki. Mimi siwezi kujua ni lipi, maana haniandikii chochote."

"Nyumbani anasoma, mwalimu. Anasoma mpaka analia."

"Basi na aandike. Akinirudishia karatasi nyeupe mtihani wa kufunga mwaka, atarudia darasa la tatu."

Tulirudi nyumbani. Siku iliyofuata mama alikuja kunichukua shuleni mwenyewe, jambo ambalo hakuwa analifanya, akanipeleka kwenye stoo ya Mzee Hamisi.

Mzee Hamisi alikuwa mfanyabiashara wa mbaazi. Stoo yake ilikuwa kubwa, mlango wa mabati, sakafu ya saruji iliyosuguliwa hadi ikalainika. Baada ya mavuno ilijaa magunia kutoka vijiji vya Bonga na Sigino, yakapandana mpaka kwenye kenchi za paa, lakini miezi mingine ilikuwa tupu. Mwalimu mstaafu mmoja, Mwalimu Yustina, alimwomba aitumie kukaa na watoto wa wazazi wanaochelewa kazini. Mzee alikubali kwa sharti moja: chaki isibaki. Wanunuzi wake walikuwa wakiona vumbi jeupe kwenye mbaazi wanadhani zimewekwa dawa isiyojulikana, wanazikataa. Kwa hiyo kila jioni kabla ya kufunga, watoto wote walikuwa wanaosha sakafu.

Madaftari hatukutumia. Fundi aliyeijenga ile stoo alikuwa ameigawa sakafu kwa mistari, ikawa miraba mikubwa mikubwa, na kila mtoto alipewa mraba wake. Unapiga magoti, au unalala kifudifudi, unaandika hesabu zako hapo chini kwa chaki. Na hakuna kufuta. Hili nalo lilikuwa na sababu ya kawaida kabisa. Mwanzoni watoto walikuwa wanafuta kwa viganja na sketi na makalio, na akina mama walilalamika kuwa sare zinarudi nyumbani kama zimeangukia kwenye mashine ya kusaga. Mwalimu Yustina akaweka sheria: ukikosea, kata mstari, endelea mbele.

Mimi nilielewa mambo haya yote kwa namna yangu. Usiku wa kuamkia siku ile, mama alipokuwa akiulizia kwa majirani habari za stoo, jirani yetu Jenifa, aliyekuwa darasa la tano na anajua kila kitu, alikuwa amenieleza.

"Kule wanapelekwa wasiojua kusoma," alisema. "Wanapewa uji. Ule uji una dawa ya kutia akili."

"Dawa gani?"

"Ya kutia akili, nimeshakwambia. Ndiyo maana haunuki kama uji wa kwenu."

Na kweli, nilipofika nilikuta sufuria kubwa nje ya stoo, na uji haukunuka kama wa kwetu. Sasa najua ulikuwa uji wa lishe wenye karanga za kusaga, na kwetu karanga zilikuwa za kuuzwa. Siku ile niliyashika maneno ya Jenifa kwa mikono miwili. Nilikunywa kikombe changu chote taratibu, nikasubiri. Jioni kitandani nilijipima kwa kugawanya namba kichwani. Sikuona tofauti. Niliamua kuwa dawa yenyewe ni ya polepole.

Kilichonichanganya ni wagonjwa wenzangu. Idrisa, mjukuu wa Mzee Hamisi, alikuwa wa kwanza darasani kwetu na alikuwa anakunywa. Mwalimu Yustina mwenyewe alikuwa anakunywa. Na jioni, wakati wa kufunga, Mzee Hamisi alikuja na kofia yake ya kufuma, tukasema "Shikamoo babu" kwa sauti moja, akajibu "Marahaba wajukuu zangu," akapewa kikombe, akanywa amesimama mlangoni. Nilimtazama kwa huruma kubwa. Mtu mzima, ana stoo, ana lori, na bado hajapona.

Baada ya siku kadhaa nilijipa moyo nikamfuata Mwalimu Yustina akiwa anakoroga.

"Mwalimu, dozi yangu itaisha lini?"

Aliacha kukoroga. "Dozi ya nini, mwanangu?"

"Ya akili."

Aliniangalia, kisha akaangalia sufuria, na mimi nikamweleza yote, pamoja na Jenifa. Hakucheka mbele yangu, ingawa aligeuka upande akakohoa kwa muda mrefu kidogo. Kiswahili chake kilikuwa na ile lafudhi ya wazee wa kwetu Mbulu, maneno yakitokea kooni, na mimi niliipenda kwa sababu ilikuwa kama ya bibi.

"Debora, hii ni karanga. Ukisoma na njaa, tumbo linaongea kuliko mwalimu. Nataka linyamaze."

"Na babu?"

"Babu anapenda karanga."

Nilifarijika, na papo hapo nikaogopa zaidi. Kama hakuna dawa, basi nitabaki nilivyo.

Nilikuwa naandika namba ndogo kwenye kona ya mraba wangu, nimezikinga kwa mwili wote, na nikikosea nilikuwa nafuta kwa kiganja haraka kabla hajaona mtu. Sheria niliijua. Ilinishinda tu. Siku moja Mwalimu Yustina alipita akasimama juu yangu.

"Hebu nione mkono."

Nilifungua kiganja, kilikuwa cheupe.

"Huu mkono umekula kosa gani?"

Nilikifumba kiganja.

"Nilitaka kuliona. Sasa nitakusaidiaje na umeshalimeza?" Hakuwa amekasirika. Alisema kama mtu aliyepotelewa na kitu cha maana. Kisha akaniambia, "Nenda kakae kwenye mraba wa Idrisa, umwangalie anavyofanya."

Nilikwenda nikidhani nitaona usafi. Nilijua kwa hakika kwamba watu wa kwanza darasani hawakosei, ndiyo maana wakawa wa kwanza. Nikakuta mraba wa Idrisa umechafuka kama uwanja walipopigana majogoo. Hesabu moja ilikatwa, chini yake nyingine ikakatwa, chini yake tena mshale unaoelekea pembeni, na pembeni ndipo jibu lilipo. Idrisa alikuwa amelala kifudifudi, ulimi nje, anakata tu.

"Umekosea hapa," nilimwambia, nikiwa na furaha kidogo, sitaficha.

"Najua."

"Na hapa."

"Hapo najua pia. Sogea, umekanyaga jibu."

Nilisogea. Sijui kama naweza kueleza vizuri jinsi kichwa changu kilivyogeuka pale. Nilikuwa naona majibu ya wenzangu tu, kwenye madaftari yao safi, na nilidhani yalitoka vilevile. Peke yangu nyumbani nisingeweza kujua. Ilibidi niwe mahali ambapo kazi ya kila mtu imelala chini, iko wazi, unaikanyaga.

Nilirudi kwenye mraba wangu nikakata mstari wangu wa kwanza. Niliukata mwembamba, kwa aibu. Kila siku baada ya hapo nilikata mingine, na kila siku Mwalimu Yustina alikuwa anapiga magoti kwa taabu, mkono kiunoni, anasoma nilichokikata kwa makini kuliko nilichokipatia. "Aa, hapa ulisahau kubeba," alikuwa anasema. "Sasa nimekuona." Sikuwahi kusikia mtu mzima akisema hivyo kwa mtoto.

Ikaja siku ambayo haikuwa na kosa. Tulipewa hesabu za kugawanya, na chini yake tuandike habari fupi kuhusu mtu tunayemjua. Nilimwandika mama na meza yake sokoni, jinsi anavyopanga nyanya, mbivu juu. Nilipomaliza nilisoma tangu mwanzo nikitafuta kitu cha kukata, sikukipata. Mwalimu alisoma naye, akasema, "Sina la kuongeza." Mwandiko ulikuwa mzuri mpaka pembeni. Nilihisi mwili mzima umekuwa mwepesi.

Kisha ndoo zikaanza kulia mlangoni. Siku ile usafi ulikuwa wa lazima kuliko siku zote, maana kesho yake lori la kwanza la mbaazi lilikuwa linakuja. Watoto walianzia ukutani kwa mafagio ya chelewa, maji yakawa yanasogea, na yalipofika karibu nami niliingia nikakaa katikati ya mraba wangu, pale kati ya hesabu na habari ya mama.

"Debora, toka," alisema Idrisa.

"Sitoki."

"Utalowa."

"Basi nilowe."

Wenzangu walicheka, mmoja akasema nimeolewa na sakafu. Mzee Hamisi alikuwa mlangoni na funguo zake. "Vipi tena huko, mwalimu? Magharibi inakaribia," alisema, na nilijua anangoja kufunga aende kuswali. Sikuinuka. Nilikuwa nalia kile kilio kisicho na sauti.

Mwalimu Yustina aliwaambia waoshe kwingine kwanza. Akaja, akajishusha mpaka chini, akakaa sakafuni pembeni ya mraba, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa akina mama wakichambua mboga.

"Ni nzuri," alisema. "Ningekuwa na uwezo ningeing'oa nikupe. Unaogopa nini?"

"Kesho sitaweza tena."

"Inawezekana."

Nilitegemea aniambie nitaweza. Watu wazima wote walikuwa wananiambia nitaweza.

"Inawezekana kesho ukaandika vibaya sana," alisema. "Mimi nitakuwepo. Idrisa atakuwepo, na kelele zake. Uji utakuwepo. Utakata mstari, tutaangalia pamoja. Kitu gani kingine kitatokea?"

Nilifikiri kwa bidii. Nilitafuta hicho kitu kingine, kile kibaya nilichokuwa nakikimbia tangu nianze shule, na sikukiona. Nadhani kilikuwa kinaishi kwenye kile chumba cha Nangara nikiwa nimejifungia. Pale stoo hakikuwa na pa kujificha.

"Ila simwagi mimi," Mwalimu alisema. "Mimi nimeipenda. Ukitaka mwaga mwenyewe."

Idrisa alileta ndoo bila kuambiwa, akaiweka karibu, akarudi nyuma. Nilisimama. Nilisoma mstari mmoja wa mwisho kuhusu nyanya za mama. Kisha nikamwaga maji, na ule weupe wote ukaelea, ukawa kama maziwa, ukakimbia kuelekea mlangoni.

"Umenilowesha miguu," Idrisa alisema.

"Nilikuambia usimame hapo?"

"Hukuniambia."

"Basi," nilisema, na watu wakacheka, na safari hii nami nilicheka.

Mbaazi zilipoingia tulihamia barazani. Hapakuwa na miraba tena, tuliandika kwenye vipande vya mbao na popote, tukibanana, huku wapagazi wakipita na magunia na kututania kwamba tunasomea udalali. Mtihani wa kufunga mwaka ulipofika, nilikwenda nikiwa bado naogopa. Sitawadanganya kwamba nilikuwa nimepona. Swali la tatu tu nilikosea, nikaliona kosa likinitazama, na mkono ukaenda wenyewe kwenye raba.

Nilijaribu kumfikiria Mwalimu Yustina akipiga magoti kutafuta kosa langu na kukuta nimelimeza. Nikaiacha raba. Nikakata mstari, nikaandika chini yake, nikaenda swali la nne. Nililikosea pia. Nikakata. Muda ulipoisha karatasi yangu ilikuwa chafu kuliko zote kwenye dawati letu, na mwalimu wa darasa alipoipokea aliigeuza mbele na nyuma, akaniangalia, akaiweka juu ya nyingine. Niliketi pale na jambo moyoni ambalo leo nalijua jina lake. Nilikuwa najivunia.

Nilipata nusu, na kidogo juu yake. Nilivuka kwenda darasa la nne.

Nilimpelekea mama karatasi sokoni. Mama hakusoma sana, lakini alama za mwalimu alizijua, na aliifuata karatasi kwa kidole kutoka juu mpaka chini, kalamu nyekundu ya mwalimu na mistari yangu mimi.

"Hii yote uliyokata ni nini?"

"Makosa yangu, mama."

"Yote haya?"

"Na mengine sikuyaona. Hayo yenye rangi nyekundu."

Nilidhani ataikunja, aifiche chini ya gunia la vitunguu, mimi ndivyo ningefanya. Badala yake alifuta mikono kwenye kitenge, akatafuta msumari kwenye nguzo ya kibanda, akaitundika pale juu ya nyanya, usawa wa macho ya wateja. Nilimwomba aitoe. Nilimvuta nguo. Alikuwa anapanga nyanya kama hanisikii.

Mwalimu Yustina ameshazeeka, watoto wake wamemrudisha Mbulu, na stoo ina mmiliki mpya asiyetaka watoto. Najua mjini hapa wapo watu wengine wanaokaa na watoto baada ya shule, kwenye kumbi za kanisa na kwenye vibaraza, na nikipita nikasikia kelele zao huwa napunguza mwendo. Wapita njia wanadhani pale watoto wanajifunza kugawanya. Ni kweli, wanajifunza. Mimi nilijifunza pia kwamba naweza kuonekana nikiwa sijamaliza.

Siku ile sokoni alikuja mteja, mama mmoja aliyevaa ushungi, kutoka maduka ya ng'ambo ya barabara. Alichagua nyanya, akainua macho, akaisoma ile karatasi kwa makini wakati mama anamfungia. Nilijificha nyuma ya gunia.

"Mama Debora," alisema, "mbona umetundika na mtoto kapata nusu tu?"

Mama alimkabidhi nyanya zake.

"Hiyo nusu kashaipata," alisema. "Nyingine anaitafuta, si unaona alivyokatakata."